Arobaini na Nane wa Bu Marfuah

Kijijini kwetu Sumberpetung, huko milimani Trenggalek, kisiwani Java, huwezi kutaja ziara ya mawalii bila kumtaja Bu Marfuah; Bu kwetu ni kama Mama, na Pak ni kama Bwana. Yeye ndiye anayekodi basi, ndiye anayepanga nani akae na nani, na ndiye anayejua nani anatapika kweli kwenye kona na nani anajisingizia ili apewe kiti cha mbele. Siku za kawaida hukaanga vipande vya tempe, soya iliyochachushwa na kugandishwa, na kuvipeleka sokoni kwenye makapu mawili nyuma ya pikipiki. Hiyo ni kazi ya kumpatia riziki. Ziara ndiyo inayompa jina.

Mpaka mwaka huo ninaousimulia alikuwa ameongoza ziara kumi na nane bila kupoteza mtu. Watu arobaini na nane wanatoka Sumberpetung, watu arobaini na nane wanarudi Sumberpetung. Kikundi kingine kilishawahi kumsahau bibi chooni kule Tuban, na jambo hilo alikuwa akilisimulia kila mwaka basi likikaribia Tuban, kana kwamba bibi mwenyewe bado yumo chooni anasubiri.

Mimi naitwa Wiji, fundi cherehani, na katika mkasa ule nina lawama yangu. Kitambaa cha sare nilikinunua mimi. Kilikuwa batiki ya kijani yenye maua meupe, na muuzaji aliniapia kwamba hakuna kikundi kingine Java nzima chenye kitambaa kile. Nilimwamini kwa sababu bei ilikuwa nzuri na nilitaka kumwamini.

Mumewe Bu Marfuah anaitwa Pak Sarbini, seremala wa milango na madirisha, mtu mpole anayezungumza kama anayeomba radhi. Ana presha. Mganga wa zahanati alimkataza nyama ya mbuzi, na Bu Marfuah alilipokea katazo lile kama limeteremshwa kutoka mbinguni. Hata kwenye karamu za harusi alikuwa akimkagua sahani. Simu ya Pak Sarbini nayo ilikaa kwenye mkoba wa mkewe, maana alishapoteza tatu, moja shambani, moja sokoni, na moja katika mazingira ambayo mwenyewe hapendi yasimuliwe.

Kituo chetu cha kwanza kila mwaka ni Surabaya, kwenye kaburi la walii Sunan Ampel. Tulifika saa nne asubuhi. Mabasi yalikuwa yamejipanga uwanjani kama samaki kwenye kopo, yote meupe, yote yana mapazia ya maua, na joto la pale lilitupokea mlangoni kama mtu aliyekuwa anatusubiri kwa hasira. Bu Marfuah alisimama juu ya ngazi ya basi na kipaza sauti chake kidogo cha kiunoni.

"Saa nane kamili kila mtu awe ndani ya basi. Anayetaka tende anunue mara moja, asianze kuonja kila duka. Anayetaka choo aende sasa. Kadi zenu za shingoni zina namba yangu. Na wewe, Baba Huda, utembee mbele yangu."

Huda ni binti yao. Pak Sarbini akatembea mbele yake.

Kutoka uwanjani mpaka msikitini unapita uchochoro wa mtaa wa Waarabu, kofia upande huu, tasbihi upande ule, manukato, zabibu, na katikati ya hayo yote mikahawa ya nyama ya mbuzi. Masufuria yamewekwa mlangoni makusudi. Pak Sarbini alipita pale akitazama mbele kama askari kwenye gwaride. Nilikuwa nyuma yake, na naweza kushuhudia kwamba hakugeuza shingo. Alipunguza mwendo tu.

Kaburini tulikaa juu ya mikeka, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma yao. Imamu wetu alisoma Yasini, tukaitikia, kikundi cha kulia kwetu kikisoma yao na cha kushoto yao, sauti zikichanganyika mpaka hujui unaitikia dua ya nani. Bu Marfuah hulia pale kila mwaka. Mtu anayetupigia kelele tangu alfajiri huinamisha kichwa na kulia kimya kimya kama msichana, na hakuna anayethubutu kumuuliza analilia nini. Mwaka ule alilia zaidi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa muda mrefu, na huo ndio muda ambao, kama tulivyokuja kujua, Pak Sarbini alikusanya viatu vyake na kuondoka.

Saa nane kasoro tano Bu Marfuah akapanda basini kuhesabu. Alikuwa na mtindo wake. Anatoka mbele kwenda nyuma, anagusa kila kiti kwa daftari lililokunjwa, midomo inacheza. Majina hakuyaita kamwe, alisema majina yanachelewesha. Akafika mwisho, akarudi mbele.

"Arobaini na nane," akasema kwenye kipaza sauti. "Tena kabla ya muda. Mjipongeze."

Tukajipongeza. Dereva alikuwa bado nje anamalizia kahawa yake, kwa hiyo Bu Marfuah akakaa kwenye kiti chake cha mbele. Pembeni yake, dirishani, mwanaume wa batiki ya kijani alikuwa amelala, sarongi ameivuta mpaka juu ya kichwa, kama maiti anayesubiri kuswaliwa. Ndivyo Pak Sarbini analalavyo safarini siku zote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao.

"Nilikuona," Bu Marfuah akaanza, sauti ya chini. "Usidhani sikukuona ulivyopunguza mwendo pale mlangoni kwa yule Mwarabu. Miguu yako naijua. Mtu mzima, una wajukuu wawili, unanusa sufuria za watu kama paka."

Sarongi ikaendelea kupanda na kushuka kwa pumzi.

"Ndiyo, jifanye umelala. Nyumbani unajifanya umelala, msikitini unajifanya umelala. Ile kofia nilikwambia uifue, hukuifua. Mlango wa Bu Ngatmi umekaa miezi minne hauna bawaba, nikipita njiani najificha nyuma ya mti. Na zile dawa zako za asubuhi, nimezikuta mbili mfukoni mwa shati. Unaziweka akiba? Unangojea zizae?"

Akaendelea hivyo kwa muda. Alimpasha kuhusu sigara, kuhusu kaka yake, na kuhusu mbuzi tena. Mimi nilikuwa nimeuma kona ya mtandio nisicheke. Halafu akafungua chupa ndogo ya mafuta ya kuchua, akajipaka nyuma ya masikio. Alipozungumza tena ilikuwa sauti nyingine, na nikajuta kuwa karibu.

"Unadhani napenda kukunyima? Leo pale kaburini sikuomba mvua. Sikuomba hata tempe ziuzike. Nilimwomba Mungu wewe ndiye unizike mimi, nisije nikakuzika mimi wewe. Siwezi ile nyumba peke yangu, Baba Huda. Sasa ukila mbuzi unaniharibia dua."

Chini ya sarongi pakatoka sauti ya mtu anayevuta kamasi. Bu Marfuah akadhani maneno yamemwingia. Akampigapiga goti.

"Haya, haya. Lala."

Hapo simu yake ikalia. Akaiweka hewani kwa sauti kubwa, kama afanyavyo na simu zote, basi zima likasikia.

"Asalamu alaikum, Bu. Napiga kutoka ofisi ya matangazo hapa Ampel. Tuna mzee wenu amepotea, ana kadi yenye namba yako."

"Waalaikum salamu. Hapana, kaka, wangu wote wapo. Arobaini na nane."

"Jina lake Sarbini, Bu."

"Akina Sarbini ni wengi. Wangu yupo hapa."

"Anasema yeye ni mume wako."

Bu Marfuah akatugeukia, akatukonyeza. Mwaka ule matapeli wa simu walikuwa wamewaliza watu wengi kwetu. Wanakupigia wanasema mwanao yuko polisi, mjomba wako yuko hospitali, tuma pesa haraka.

"Kaka," akasema, "mume wangu nimekaa naye hapa, goti lake nimelishika. Tafuta kazi ya halali. Tena unatapeli watu karibu na kaburi la walii. Huogopi?"

Akakata. Wanawake wa nyuma wakampigia makofi. Simu ikalia tena.

"Mama Huda, ni mimi," ikasema sauti ya Pak Sarbini.

"Na sauti wameiga," Bu Marfuah akatuambia, kwa mshangao wa mtu anayesifia ufundi.

"Sijaigwa, ni mimi. Nilitoka kwa mlango mwingine, nikapotea kidogo."

"Haya. Kama wewe ndiye mume wangu, niambie, mchana umekula nini?"

Mtu huyo akakohoa kikohozi kidogo, kikavu, cha heshima.

"Wali na tempe," akasema.

Sura ya Bu Marfuah ikabadilika. Nilimwona kwenye kioo cha dereva. Alinieleza baadaye kwamba katika miaka thelathini na moja ya ndoa hajamsikia mtu mwingine anayekohoa vile kabla ya kusema uongo. Tapeli anaweza kuiga sauti, lakini nani angemfundisha kile kikohozi?

Polepole akaondoa mkono wake gotini. Akaishika sarongi kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua chungu ambacho hajui kina nini, akaivuta.

Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, masharubu meupe, macho yamelowa. Batiki yake ilikuwa ya kijani yenye maua meupe. Bu Marfuah akanigeukia mimi kwanza. Nikaangalia viatu vyangu.

"Samahani, Bu," mzee akasema. "Naitwa Kaswadi, kutoka Ngawi. Nilikuwa nimechoka, nikaona basi jeupe, nikaona watu wa nguo yetu, nikapanda. Niliamka ulipofika kwenye mambo ya kofia."

"Kofia?" Bu Marfuah akasema. "Kofia ilikuwa mwanzoni kabisa. Kwa nini hukusema?"

Pak Kaswadi akafuta macho kwa ncha ya sarongi. "Mke wangu amefariki mwaka wa sita sasa. Tangu hapo hakuna aliyenigombeza. Nikasema ngoja amalize."

Hakuna aliyecheka. Kisha mmoja nyuma kabisa akashindwa kujizuia, na likafuata basi zima, dereva akapanda akiuliza kuna nini. Bu Marfuah peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kwenye shingo, maana alikuwa amekumbuka yaliyofuata baada ya kofia.

Tulikwenda kumchukua mumewe, Bu Marfuah na mimi, na sijawahi kumwona mwanamke akitembea vile katika joto. Pak Sarbini alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya matangazo, mikono juu ya magoti, glasi ya chai pembeni. Mtangazaji, bwana wa makamo mwenye miwani, alipotuona akajishughulisha na karatasi.

"Umenikana mbele ya watu, Mama Huda," Pak Sarbini akasema. "Umeniita tapeli. Kipaza sauti cha ofisi kilikuwa wazi, yamesikika mpaka kwa wauza kofia."

"Nilikukana kwa sababu ulikuwa umeshalala pembeni yangu."

Pak Sarbini akalifikiria jambo hilo, hakulielewa, akaliacha. Bu Marfuah akamsogelea, akamnusa kwenye kola.

"Sasa niambie ulichokula."

Nilimwona akijiandaa kukohoa. Kifua kikainuka. Halafu akashusha pumzi.

"Mbuzi," akasema. "Sahani moja."

"Na mchuzi?"

"Na mchuzi. Bakuli nusu. Baadaye nikaongeza ile nusu nyingine."

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikijua mvua inakuja. Haikuja. Bu Marfuah alikaa kwenye benchi, akamshika mkono pale wanapopimia mapigo, akatega sikio kama muuguzi. Kupima hajui. Alikuwa ameushika tu.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Kizunguzungu?"

"Kidogo, ulipokata simu."

Wakapanda baiskeli ya magurudumu matatu kurudi uwanjani, mimi nikatembea kwa sababu inabeba wawili. Niliwafuata kwa nyuma njia nzima. Ule mkono hakuuachia.

Basini tukakuta tatizo jingine. Tulikuwa arobaini na tisa na viti arobaini na nane. Kikundi cha Pak Kaswadi kilikuwa kimeshaondoka kwenda Gresik, ambako nasi ndiko tulikokuwa tunaelekea, kwa hiyo ikaamuliwa tumpeleke. Alitaka kuinuka ampishe mwenye kiti. Pak Sarbini akakataa katakata, akavuta kigoda cha plastiki cha kondakta, akakaa njiani katikati, magoti yakimfika kidevuni.

"Mzee wangu," akamwambia Pak Kaswadi basi lilipoanza kutembea, "nasikia umegombezwa badala yangu."

"Nimegombezwa vizuri sana."

"Pole. Alisema nini?"

"Alianza na kofia, akaenda kwenye mlango wa mtu fulani, bawaba."

"Wa Bu Ngatmi. Halafu?"

"Sigara. Kaka yako. Mbuzi."

"Halafu?"

Pak Kaswadi akamtupia jicho Bu Marfuah, ambaye alikuwa anatazama nje ya dirisha la upande mwingine kwa bidii, ingawa nje hapakuwa na kitu zaidi ya matangi ya mafuta.

"Halafu nikalala," akasema.

Mimi nilisikia, naye Bu Marfuah alisikia. Kilomita mbili mbele akafungua kopo lake la tempe za kukaanga, zile nzuri ambazo haziuzi, akampa Pak Kaswadi kopo zima.

Gresik tuliwakuta watu wa Ngawi wamekaa kwenye kivuli cha basi lao wanakula matunda yaliyotiwa pilipili. Kijani kitupu, maua meupe kila upande, kama tumejikuta sisi wenyewe tumetangulia. Kiongozi wao alikuwa bwana mnene mwenye filimbi mpya shingoni. Bu Marfuah alipomwambia amemletea mtu wake, bwana akatabasamu kwa huruma.

"Bu, sisi tumetimia. Hamsini. Nimehesabu mwenyewe Surabaya."

"Na huyu?"

Bwana akamtazama Pak Kaswadi. Akawatazama watu wake. Ikabidi wahesabu upya, na ikagundulika kwamba wa hamsini alikuwa kondakta wao, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mzee kwa sababu kilikuwa kitupu. Mkwe wa Pak Kaswadi, mwanamke aliyekuwa na embe mkononi, akasema alidhani baba amekaa nyuma.

Bu Marfuah akamtolea uvivu yule bwana.

"Unahesabuje watu kama unahesabu nazi? Mzee wa watu yuko basi la wengine, hana chai, hana dawa, wewe unapuliza filimbi. Umegusa viti, umetazama sura hata moja? Kiongozi gani anahesabu vichwa bila..."

Nyuma yake, watu wa Sumberpetung wote tulikuwa kimya sana, na wengi tulikuwa tunaangalia angani. Alisikia ule ukimya. Kipaza sauti kilikuwa bado kinaunguruma kiunoni, akakizima.

"Mimi mwenyewe nimefanya hivyo hivyo leo," akamwambia yule bwana. "Wako alipotea na hukujua. Wangu alikuwa mume wangu. Basi tusameheane."

Katika ziara zote hizo hatukuwahi kumsikia akisema amekosea. Bwana wa filimbi hakujua ni kitu adimu kiasi gani alichopewa, akasema tu, "Inatokea, Bu."

Pak Kaswadi aliaga watu wote mmoja mmoja. Alipofika kwa Bu Marfuah akauliza kama orodha ya mwaka ujao imeshajaa. Akajibiwa kwamba orodha ni ya watu wa Sumberpetung peke yao, kanuni ni kanuni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake akiburuta viatu kwenye changarawe. Bu Marfuah akamtazama mpaka akafika kwenye ngazi ya basi lao.

"Pak Kaswadi," akaita. "Njoo siku moja kabla. Utalala kwetu."

Alikuja, saa sita za barabara kwa mabasi mawili, na begi dogo na mfuko wa mchele wa Ngawi. Usiku ule yeye na Pak Sarbini walitia bawaba mlango wa Bu Ngatmi kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Tangu hapo amekuja kila mwaka.

Kuhesabu siku hizi kunachukua robo saa nzima. Bu Marfuah anaita jina, mwenye jina anainuka, anatazamwa usoni, anaketi. Aliyelala anafunuliwa. Dereva hulalamika, huambiwa aende akanywe kahawa. Kitambaa cha sare anakwenda kununua mwenyewe, na muuzaji akiapa humwambia aape tena, taratibu, huku anamtazama.

Kuhusu mbuzi walikubaliana. Pak Sarbini anakula mara moja kwa mwaka, Surabaya, baada ya dua, mkewe akiwa ameketi mbele yake. Nilikuwa nao mwaka jana. Waliagiza sahani moja, Bu Marfuah akamhesabia vipande vinne, akavigeuza kimoja kimoja kuondoa mafuta, kisha akaisukuma sahani yenye vilivyobaki upande wa Pak Kaswadi, na kumuuliza kama amemeza dawa zake.